Dai la Tiba ya Meno Linapokataliwa: Njia ya Rufaa katika Bima ya Afya ya Umma ya Marekani

Utangulizi

Barua inayosema kwamba bima haitalipia tiba ya jino huchukuliwa na familia nyingi kuwa neno la mwisho. Barua huwekwa kabatini, maumivu hutulizwa kwa vidonge, na baada ya miezi michache jino ambalo lingeweza kuokolewa hung'olewa. Kisheria, hata hivyo, barua hiyo si mwisho wa jambo. Ni uamuzi wenye sababu zilizotajwa, na uamuzi wenye sababu unaweza kujibiwa kwa ushahidi, mradi ujibiwe ndani ya muda uliowekwa.

Makala haya yanaeleza jinsi jibu hilo linavyotolewa chini ya Medicaid, bima ya afya ya umma ya Marekani kwa watu wa kipato cha chini. Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili moja kwa moja. Maelfu ya Wakongo waliokimbia vita mashariki mwa nchi yao, wengine wakiwa wameishi miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, wamepata makazi mapya Marekani, na Kiswahili kimebaki kuwa lugha yao ya pamoja. Kwa familia nyingi za namna hiyo, kadi ya Medicaid ndiyo kadi ya kwanza ya bima waliyowahi kuishika mkononi, na barua ya kukataliwa huwa ya kwanza pia. Ndugu na jamaa walioko Afrika Mashariki huulizwa ushauri kwa simu kuhusu barua hizo. Ni vyema basi utaratibu ueleweke pande zote mbili.

Kwa nini jino halisubiri

Jino limejengwa kwa tabaka tatu. Nje kuna enameli, ambayo ni ngumu kuliko mfupa. Chini yake kuna dentini, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wa kinywani hutumia sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini ya enameli kidogo kidogo. Tundu likiwa bado katika enameli au dentini, jino linaweza kuzibwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Kuoza kukifika kwenye kiini, kuziba hakutoshi tena. Hapo huhitajika tiba ya mzizi, yaani kuondoa kiini kilichoharibika, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza. Na mara nyingi jino huvalishwa taji, kifuniko kigumu kinacholizuia lisipasuke. Hatua hiyo nayo ikipita, hubaki kung'oa.

Jambo linalowapotosha wagonjwa wengi ni kwamba kiini kinapokufa maumivu huweza kutulia. Utulivu huo si uponyaji. Maambukizi huendelea kwenye ncha ya mzizi, hutengeneza usaha, na huweza kuingia katika mfupa wa taya, katika nafasi za shingo, katika damu, na mara chache hata katika ubongo. Mwezi Februari 2007, mvulana wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver alifariki katika jimbo la Maryland baada ya bakteria kutoka katika jino lililooza kufika kwenye ubongo wake. Familia yake ilikuwa imepoteza Medicaid kwa muda, na mama yake alikuwa amehangaika kumpata daktari wa meno wa kuwatibu watoto wake. Kung'oa jino lile kungegharimu takriban dola 80. Matibabu ya hospitali, pamoja na upasuaji wa ubongo mara mbili, yalikadiriwa kufikia dola 250,000. Kifo hicho kilijadiliwa katika Bunge la Marekani, na mwaka 2009 sheria ilifanya huduma za meno kuwa za lazima katika mpango wa bima ya watoto unaosaidiana na Medicaid.

Mkasa huo haukutokana na barua moja ya kukataliwa, lakini unaonyesha kinachoweza kupotea pale karatasi zinapokwama. Mgonjwa anayekata rufaa anakabiliwa na muda wa aina mbili: muda wa sheria, unaohesabiwa kwa siku kutoka tarehe ya barua, na muda wa ugonjwa, usiosubiri barua yoyote. Rufaa njema huizingatia miwili yote.

Medicaid ni nini, na nani huamua

Medicaid ilianzishwa kwa sheria mwaka 1965, pamoja na Medicare. Majina haya mawili huchanganywa mara kwa mara. Medicare huwahusu zaidi watu wa miaka 65 na kuendelea na baadhi ya wenye ulemavu, na katika sura yake ya asili hailipii tiba za kawaida za meno. Medicaid huwahusu watu wa kipato cha chini, na hugharimiwa kwa pamoja na serikali kuu na majimbo. Kila jimbo huiendesha kwa taratibu zake na pengine kwa jina lake: California huiita Medi-Cal, Tennessee huiita TennCare, na Massachusetts huiita MassHealth. Kwa sababu hiyo, mtu anaweza kuwa na Medicaid bila kuliona neno hilo kwenye kadi yake.

Katika baadhi ya majimbo, serikali ya jimbo huwalipa madaktari moja kwa moja. Katika mengine, jimbo huingia mkataba na kampuni, na kampuni hiyo ndiyo hupokea maombi, huyakubali au huyakataa. Wakati mwingine meno huwa na kampuni yake, tofauti na ile inayosimamia tiba nyingine. Kabla ya kuandika rufaa, ni lazima ijulikane aliyefanya uamuzi ni nani, kwa kuwa ndiye anayeamua rufaa ianzie wapi. Jibu hupatikana juu ya barua yenyewe au kwenye kadi.

Ustahiki wa kuwa mnufaika ni suala jingine. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inapunguza makundi ya wahamiaji wanaostahiki Medicaid kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, na familia za wakimbizi ambazo bado hazijapata ukaazi wa kudumu zinapaswa kutafuta ushauri wa kisheria mapema. Barua ya kusitishiwa bima na barua ya kukataliwa tiba ni vitu viwili. Zote mbili zinaweza kupingwa, lakini hoja zake hazifanani.

Kanuni inayowalinda watoto

Kwa watu wazima, sheria ya serikali kuu haiyalazimishi majimbo kulipia tiba ya meno. Majimbo mengine hulipia huduma nyingi, mengine hulipia dharura tu, kama kung'oa jino lenye maambukizi. Mtu mzima anayekata rufaa hana budi kwanza kujua jimbo lake limeahidi nini.

Kwa mtoto, na kijana yeyote ambaye hajatimiza miaka 21, mambo ni tofauti. Tangu mwaka 1967 Medicaid ina mpango maalumu wa uchunguzi na tiba ya mapema kwa watoto. Mwaka 1989 Bunge liliuimarisha kwa kuyataka majimbo yampe mtoto kila tiba inayoruhusiwa na sheria ya Medicaid, iwapo tiba hiyo inahitajika kurekebisha au kupunguza tatizo la afya lililogunduliwa, hata kama jimbo halijaiweka katika orodha yake ya huduma za watu wazima. Kwa upande wa meno, sheria inataja kiwango cha chini kabisa: kuondoa maumivu na maambukizi, kurejesha meno yaliyoharibika, na kudumisha afya ya kinywa.

Kanuni hii hubadilisha msingi wa hoja. Kampuni ikisema kwamba huduma fulani haimo katika orodha, au kwamba mtoto amekwisha kutumia idadi ya huduma anazoruhusiwa kwa mwaka, jibu hilo peke yake halimalizi jambo. Swali linalopaswa kujibiwa ni kama mtoto huyu, kwa hali yake, anaihitaji tiba hii. Mfano mzuri ni nyaya za kunyoosha meno. Majimbo kadhaa hupima ukubwa wa kasoro kwa alama; California, kwa mfano, hutumia kiwango cha alama 26. Mtoto aliyepata alama pungufu anaweza bado kustahili, ikiwa daktari atathibitisha kwamba kasoro hiyo inamdhuru kiafya, tuseme katika kutafuna au kutamka. Hoja ya sura pekee kwa kawaida haitoshi.

Aina tatu za kukataliwa

Si kila kukataliwa hujibiwa kwa njia moja. Aina ya kwanza ni kukataliwa kwa kibali cha awali. Daktari wa meno huomba ruhusa kabla ya kutibu, na mpango wa bima hukataa au huidhinisha sehemu tu ya kilichoombwa. Tiba bado haijafanyika. Hapa mnufaika ana haki kamili ya rufaa, na hapa ndipo muda wa ugonjwa huuma zaidi.

Aina ya pili ni kukataliwa kwa malipo baada ya tiba. Mara nyingi tatizo huwa la kiofisi: namba ya jino imeandikwa vibaya, picha haikuambatanishwa, au dai limechelewa kuwasilishwa. Makosa ya namna hiyo husahihishwa na zahanati ya meno kwa kuwasilisha dai upya. Sheria za Medicaid humtaka mtoa huduma aliyekubali kuipokea bima hiyo akubali malipo yake kuwa malipo kamili. Kwa hiyo, pale huduma ilipokuwa miongoni mwa zinazolipiwa, familia haipaswi kudaiwa kwa sababu karani alichelewesha karatasi. Bili ikija nyumbani, isilipwe kwa woga wala isipuuzwe. Ipelekwe kwa mpango wa bima pamoja na swali la maandishi kuhusu sababu yake. Ikumbukwe pia kwamba mgonjwa aliyetia saini kukubali kulipia huduma isiyolipiwa na bima anaweza kujifunga, kwa hiyo fomu za zahanati zisomwe, au zisomewe kwa sauti, kabla ya kutiwa saini.

Aina ya tatu ni kupunguzwa au kusitishwa kwa tiba iliyokwisha kuidhinishwa, kama vile nyaya za meno ambazo kazi yake imefika katikati. Hapa kuna haki ya ziada. Mnufaika anaweza kuomba tiba iendelee wakati rufaa inasubiriwa, iwapo ataomba ndani ya siku 10 tangu barua ilipotumwa, au kabla ya siku ambayo usitishaji unaanza kutekelezwa, na iwapo muda wa kibali cha mwanzo haujaisha. Ajue hata hivyo kwamba akishindwa mwishoni anaweza kutakiwa kurudisha gharama ya huduma aliyoendelea kuipata.

Barua yenyewe na jinsi ya kuisoma

Haki ya kusikilizwa haikushuka bure. Mwaka 1970, katika shauri la Goldberg dhidi ya Kelly lililotokana na madai ya wakazi wa New York waliokuwa wakipokea msaada wa serikali, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba serikali haiwezi kumkatia mtu msaada wa kumwezesha kuishi bila kumpa kwanza taarifa na nafasi ya kujitetea mbele ya mwamuzi asiyeelemea upande wowote. Kanuni za leo za Medicaid zimejengwa juu ya msingi huo.

Kwa sababu hiyo barua ya kukataliwa si karatasi ya hisani. Ni lazima ieleze uamuzi uliofanywa, sababu zake, haki ya kukata rufaa, namna ya kuikata, namna ya kuomba rufaa ya haraka, na haki ya kuendelea kupata tiba pale inapohusika. Ni lazima pia imweleze mnufaika kwamba anaweza kupewa, bila malipo, nakala za nyaraka zote zilizotumika kufikia uamuzi, pamoja na vigezo vya kitabibu vilivyofuatwa.

Msomaji atafute mambo manne. La kwanza ni tarehe ya barua, kwa kuwa ndiyo inayoanza kuhesabu siku. La pili ni huduma iliyokataliwa na jino linalohusika. La tatu ni sababu, neno kwa neno. La nne ni anwani au namba ya simu ya kupeleka rufaa. Bahasha nayo itunzwe, kwani muhuri wa posta unaweza kuthibitisha kwamba barua ilichelewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na katika jambo hili daftari ni jalada moja lenye barua zote, bahasha zake, na orodha ya simu zilizopigwa, ikionyesha siku, saa na jina la aliyepokea.

Hatua ya kwanza: rufaa kwa mpango wa bima

Pale uamuzi ulipofanywa na kampuni, rufaa huanzia kwa kampuni hiyo. Mnufaika ana siku 60 za kalenda tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Anaweza kuikata kwa maandishi au kwa mdomo, hata kwa simu. Lakini maandishi ni salama zaidi kwa sababu huacha ushahidi. Daktari wa meno, ndugu au mwakilishi mwingine anaweza kuikata kwa niaba yake, mradi awe na idhini yake ya maandishi. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye huchukua hatua.

Anayeipitia rufaa hawezi kuwa yule aliyekataa mara ya kwanza, wala mtu aliye chini yake kikazi. Sababu ya kukataa ikiwa ni ya kitabibu, mpitiaji lazima awe na utaalamu unaofaa kwa tatizo hilo. Mpango una siku 30 za kalenda kutoa jibu, na katika mazingira fulani unaweza kuongeza siku 14. Ukishindwa kujibu kwa wakati, hatua hiyo huhesabiwa kuwa imekwisha, na mnufaika huruhusiwa kwenda moja kwa moja mbele ya jimbo.

Pale ambapo kungoja siku 30 kunaweza kuhatarisha uhai au afya ya mgonjwa, rufaa ya haraka huombwa, na ikikubaliwa jibu hutolewa ndani ya saa 72. Maelezo ya daktari wa meno kwamba kuna maambukizi yanayoenea yana uzito mkubwa katika ombi hilo.

Ushahidi unaobadilisha uamuzi

Rufaa nyingi dhaifu husema jambo moja tu: mgonjwa anaumwa na hana fedha. Hilo ni kweli, lakini halijibu sababu iliyotajwa kwenye barua. Rufaa yenye nguvu huichukua sababu hiyo na kuijibu kwa kipimo kinachohusika.

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, mtoto wa miaka 11 ana gego la kwanza la kudumu lililooza hadi kwenye kiini. Gego hilo huota mtoto akiwa na umri wa takriban miaka 6, na linatarajiwa kumtumikia maisha yake yote. Daktari ameomba tiba ya mzizi na taji. Mpango umekataa kwa barua ya tarehe 3 Machi, ukisema kwamba nyaraka hazionyeshi kuwa jino linaweza kuokolewa. Siku 60 za rufaa zinaishia tarehe 2 Mei.

Mzazi anapoisoma sababu hiyo kwa makini, anagundua kwamba mpango haukusema tiba haifai. Umesema haukuona uthibitisho. Jibu lake basi si malalamiko bali ni uthibitisho, na mwenye nao ni daktari wa meno. Picha ya eksirei inayoonyesha jino zima hadi ncha za mizizi itadhihirisha kama mfupa unaolishikilia bado ni imara. Vipimo vya fizi vitaonyesha kama jino limeshikika. Maelezo mafupi ya daktari yataeleza ni sehemu gani ya jino iliyobaki salama, kwamba mizizi imekwisha kukomaa, na kitakachofuata jino likitolewa: meno ya jirani kuegemea pengo, kutafuna kulemea upande mmoja, na haja ya kifaa bandia baadaye. Mzazi ataongeza yale anayoyaona yeye tu, kama vile usiku ambao mtoto hakulala, vyakula anavyoviepuka, na siku alizokosa shule. Haya yasemwe kwa tarehe na idadi, si kwa maneno ya jumla.

Barua ya rufaa haihitaji lugha ya kisheria. Inatosha iwe na jina na namba ya mnufaika, tarehe ya barua inayopingwa, huduma na jino husika, sentensi inayosema wazi kwamba uamuzi unakatiwa rufaa, jibu la kila sababu iliyotajwa, na orodha ya viambatanisho. Kwa mtoto, iongezwe sentensi moja inayoomba shauri lipimwe kwa kanuni ya watoto ya Medicaid, yaani kama tiba inahitajika kurekebisha au kupunguza tatizo lake. Nakala ibaki nyumbani, na uthibitisho wa kupokelewa uombwe.

Sababu nyingine zina majibu yake. Ikisemwa kwamba tiba ya bei nafuu ingetosha, daktari aeleze kwa nini haitoshi kwa mgonjwa huyu. Ikisemwa kwamba meno bandia yalikwisha kutolewa na muda wa kupewa mengine haujafika, ionyeshwe kilichobadilika: yamevunjika, yamepotea katika ajali, au taya limebadilika umbo hata hayakai tena. Ikisemwa kwamba huduma haimo kabisa katika orodha ya watu wazima ya jimbo, na mgonjwa ni mtu mzima, ukweli ni kwamba rufaa hiyo ina nafasi ndogo. Huenda juhudi zikafaa zaidi katika vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato, au katika kliniki za vyuo vya udaktari wa meno, ambako wanafunzi hutibu chini ya usimamizi kwa gharama nafuu.

Hatua ya pili: shauri mbele ya jimbo

Mpango ukiushikilia uamuzi wake, mnufaika anaweza kuomba shauri lisikilizwe na jimbo. Muda wa kuomba huwekwa na kila jimbo, kati ya siku 90 na siku 120 za kalenda tangu tarehe ya barua ya majibu ya rufaa. Katika mfano uliotangulia, mpango ukikataa tena kwa barua ya tarehe 15 Aprili katika jimbo lenye siku 120, mwisho utakuwa tarehe 13 Agosti. Pale ambapo jimbo lenyewe ndilo lililofanya uamuzi bila kampuni, hatua ya kwanza hairukwi bali haipo: mnufaika huomba shauri moja kwa moja, na muda wake hauzidi siku 90 tangu barua ilipotumwa.

Neno shauri lisimtishe mtu. Hakuna baraza la wazee wa mahakama, na vikao vingi hufanyika kwa simu. Afisa msikilizaji ni mtu ambaye hakushiriki katika uamuzi wa awali. Mnufaika anaweza kujieleza mwenyewe, au kuwakilishwa na ndugu, rafiki au wakili. Anaweza kuliona jalada lote kabla ya kikao, kuleta mashahidi, na kuwahoji mashahidi wa upande wa pili. Daktari wa meno akishindwa kuhudhuria, maelezo yake ya maandishi yaliyotiwa saini huwasilishwa. Ofisi za msaada wa kisheria husaidia mashauri ya aina hii bila malipo kwa wanaostahiki.

Jimbo likimpa mnufaika ushindi, na tiba ikawa haijatolewa, mpango hauna budi kuiidhinisha upesi, na si zaidi ya saa 72 tangu ulipopata taarifa ya uamuzi. Akishindwa, sheria za jimbo humwezesha kuupeleka uamuzi huo mahakamani, na hapo msaada wa wakili huwa wa lazima kivitendo.

Lugha si kizuizi halali

Mpango wa bima na jimbo hulazimika kutoa ukalimani bila malipo, kwa simu na katika kikao, katika lugha yoyote anayoizungumza mnufaika. Wajibu huo una mizizi katika Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, na uliimarishwa na sheria ya mageuzi ya afya ya mwaka 2010. Anayepiga simu anaweza kusema neno moja tu la Kiingereza, jina la lugha yake, kisha asubiri mkalimani. Ni vyema pia ataje kama anazungumza Kiswahili cha Kongo, maana mkalimani aliyezoea Kiswahili cha pwani anaweza kukosa baadhi ya maneno yake.

Mtoto asifanywe mkalimani wa wazazi wake katika mambo haya. Kanuni zinakataza watoa huduma kumtegemea mtoto kwa kazi hiyo isipokuwa katika dharura, na kwa sababu nzuri: mtoto huweza kuficha maumivu yake mwenyewe ili asiwaongezee wazazi mzigo, au kutafsiri neno la kisheria asilolielewa.

Wakati rufaa inasubiriwa

Kungoja jibu la rufaa si kungoja tiba yote. Daktari wa meno aombwe kudhibiti maambukizi kwa hatua zinazolipiwa bila kibali, kama vile kufungua jino ili usaha utoke, au kuweka kizibo cha muda. Dawa za kuua bakteria zinaweza kusaidia pale maambukizi yanapoenea, lakini haziponyi jino lenye kiini kilichokufa, na hazipaswi kutumiwa mwezi hadi mwezi badala ya tiba.

Zipo dalili zinazomtaka mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, rufaa iwe imejibiwa au haijajibiwa: uso, shingo au sehemu ya chini ya ulimi kuvimba, homa pamoja na uvimbe, kushindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, jicho kufumba kwa uvimbe, kichwa kuuma vikali pamoja na kuchanganyikiwa. Hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea malipo ya Medicare, nazo ni karibu zote, hulazimika kisheria kumchunguza na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila kwanza kuuliza uwezo wake wa kulipa.

Hitimisho

Uamuzi wa kukataa tiba hufanywa na mtu aliyeona karatasi, si kinywa. Rufaa ni nafasi ya kuzikamilisha karatasi hizo hadi zifanane na hali halisi ya mgonjwa. Kazi hiyo imegawanyika. Daktari wa meno anashika picha na vipimo, familia inashika tarehe na maelezo ya maisha ya kila siku, na mpango wa bima pamoja na jimbo wana wajibu wa kusikiliza upya kwa masikio mengine. Kati ya hayo yote, lililo mikononi mwa familia tangu siku ya kwanza ni dogo: kuifungua barua siku inapofika, kuizungushia duara tarehe yake, na kupiga simu kwa daktari wa meno kabla wiki haijaisha.